Madoa Chini ya Ganda

Kazi yake ilikuwa kukata matufaha. Si kuyakata ayale, bali ayatazame. Kila asubuhi saa mbili kamili aliletewa kreti kutoka chumba cha baridi, naye kwa kisu kifupi chenye mpini wa mbao aliyamenya moja moja, kisha akayapasua na kuandika alichokiona: bichi, bivu, limeoza moyoni, lina funza, safi. Alikuwa na mkono mwepesi. Ganda lilitoka zima kuanzia juu hadi kitakoni, refu, likaning'inia ukingoni mwa meza. Kwa ajili ya maganda hayo wenzake kiwandani walimwita Bi Ganda, na jina likamganda kweli. Hata orodha ya zamu iliwahi kubandikwa ukutani ikiwa imeandikwa hivyo, na hakuna aliyeona kasoro.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita stoo ya maboksi matupu. Zamani walikuwa watatu humo. Mkubwa wao alistaafu na kuacha kabati zima la mafaili, mwingine akahamishiwa makao makuu, na badala yao hakuletwa mtu. Viti vilibaki. Kimoja alikiwekea mizani, kingine mkoba wake. Ukumbi wa kupanga matunda, upande wa pili wa ukuta, ulikuwa na wanawake arobaini, redio na umbea usiokwisha. Kwake kulikuwa na mlio wa jokofu tu. Wanawake walipopita kuchukua maboksi walimsalimu kutoka mlangoni, "Bi Ganda, mzima?" naye akajibu, "Mzima," lakini alipoinua macho walishapita.

Nyumbani nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kwa miaka tisa alimuuguza mama yake, na katika miaka hiyo wachumba walikuja wakachoka kusubiri, na mashoga zake wakaacha kumwalika popote kwa sababu jibu lilijulikana kabla ya swali. Mama alipofariki ndugu walikuja, wakakaa siku tatu, wakalia, wakarudi makwao. Yeye akabaki na vyumba viwili na kitanda ambacho hakujua akifanyie nini. Mpaka leo hupika chakula cha watu wawili. Anajua, lakini mkono umeshazoea.

Mwaka huo madoa yalizidi. Yalikuwa madoa ya kahawia, madogo kama punje ya mtama, yaliyokaa chini ya ganda, hasa kuelekea kitakoni mwa tunda. Kwa nje tufaha lilionekana zuri tu, labda na kijishimo hapa na pale. Ukilimenya ndipo unayakuta, makavu kama kizibo cha chupa, na ukionja ni machungu. Katika kila kreti la matunda mia moja, Bi Ganda alikuwa akikuta thelathini ya namna hiyo. Akaandika, akapeleka karatasi kwa meneja.

Meneja aliitisha kikao. Bi Ganda hakuitwa, alisimuliwa baadaye. Inasemekana meneja aliinua karatasi yake mbele ya watu wote na kusema, "Ugonjwa huu ni wa kukosa kalsiamu. Kalsiamu tumeleta, mapipa yote yameisha. Kama kweli imepigwa kwenye miti, iko wapi?" Kisha akamtazama mpiga dawa.

Kesho yake mpiga dawa akaja mwisho wa korido. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mabega yameinamia mbele kwa kubeba pampu ya dawa miaka kumi na mitatu. Viatu vyake vya mpira vilikuwa na ukungu mweupe usiotoka. Watu walimwita Bomba.

"Ninaambiwa wewe ndiye uliyesema sipigi dawa," alisema, bado amesimama mlangoni.

"Sijasema hivyo kaka. Nimesema matunda yana madoa."

"Basi nioneshe hayo madoa."

Bi Ganda alimenya tufaha moja, la pili, la tatu, akamsogezea. Bomba akaingia, akautoa mkoba kitini, akakaa. Alilishika lile la tatu, akaligeuza, akaligusa doa kwa ukucha.

"Kumbe yako ndani," alisema taratibu. "Mimi nilikuwa nafikiri ni kitu cha nje."

Hapo ndipo Bi Ganda alipotambua kwamba mtu huyu hakuwahi kuyaona. Madoa hutokea matunda yakiwa yameshakaa kwenye baridi miezi miwili mitatu. Bomba huyaaga mtini yakiwa mazuri, na huko yanakokwenda hakujui.

"Nimepiga mara sita msimu huu," alisema. "Kila wiki ya pili. Majani yalikuwa yanadondoka maji. Ukitaka nikuapie, nakuapia."

"Usiape. Nakuamini." Akaweka kisu chini. "Umesema majani?"

"Ndiyo, majani."

Bi Ganda akafungua kabati. Katika mafaili ya mkubwa wake mlikuwa na karatasi alizozisoma zaidi ya mara moja, maana hakuwa na mtu wa kuzungumza naye na saa za mchana ni ndefu. Akaitoa moja na kuanza kuisoma kwa sauti. Bomba akamzuia kwa mkono.

"Niambie kama unavyomwambia mtu aliyeishia darasa la saba. Na hilo la saba lenyewe nililipitia mbio."

Akacheka, na Bi Ganda naye akacheka, sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

"Sawa," alisema. "Kalsiamu inatoka ardhini pamoja na maji. Jani linatoa jasho sana juani, kwa hiyo linavuta maji mengi, na kalsiamu inayafuata. Tunda halitoi jasho kama jani. Linapata kidogo, na kadiri linavyonenepa hicho kidogo hakitoshi. Sasa kubwa ni hili: kalsiamu ikishaingia kwenye jani haitoki tena. Hata uliloweshe jani vipi, tunda lililo pembeni yake haligawiwi kitu. Dawa inapaswa kulipata tunda lenyewe, ipite kwenye ganda lake."

Bomba aliliweka tufaha mezani. "Miaka kumi na mitatu," alisema. "Niliambiwa nipige mti, nikapiga mti."

Aliondoka bila hasira. Bi Ganda akadhani yamekwisha. Lakini msimu mpya ulipoanza na matunda kufikia ukubwa wa kidole gumba, Bomba alirudi mlangoni, kofia mkononi. "Dada, njoo unioneshe hilo ganda linavyopitisha dawa. Mimi nataka kuona kwa macho."

Kuona kwa macho hakukuwa rahisi, ila Bi Ganda alijua njia ya kuanzia. Alichukua rangi ya bluu waliyokuwa wakigongea mihuri ya maboksi, wakaitia kidogo kwenye maji, na Bomba akapiga mti mmoja kama alivyozoea. Walipomaliza wakaukagua. Majani ya nje yalikuwa ya bluu tupu. Matunda, hasa ya ndani, yalikuwa na alama moja ya bluu isiyozidi ukucha, na kitakoni, pale madoa yanapopenda, hapakuwa na kitu.

"Nimeaibika," Bomba alisema.

"Hujaaibika. Piga tena, sasa anzia chini."

Akapiga kutoka chini kwenda juu, polepole, akizunguka pande zote mbili za mstari. Mambo yakawa mazuri kidogo. Lakini tone lililotua kwenye tunda lilijikusanya kama shanga, likateleza na kuanguka. Bi Ganda alieleza kwamba ganda la tufaha lina nta, na nta haipendani na maji. Wakatia sabuni ya maji, kifuniko kimoja tu kwa pampu nzima, na safari hii maji yakatandazika juu ya tunda na kukaa.

Tangu siku hiyo Bi Ganda akawa anafika bustanini alfajiri, kabla ya kazi yake. Walipima kila kitu. Saa tano asubuhi maji waliyoyapaka yalikauka kwa dakika nne, yakaacha unga mweupe juu ya ganda. Alfajiri, wakati kuna unyevu na jua halijapata nguvu, ganda lilibaki limelowa zaidi ya saa nzima. "Dawa inaingia ikiwa bado maji," Bi Ganda alisema. "Ikishakuwa unga imekaa nje, inangoja umande uiyeyushe." Bomba, ambaye siku zote alipiga dawa baada ya kifungua kinywa, alitikisa kichwa tu. Wakakubaliana tena kuanza mapema msimuni, maana tunda changa lina vitundu vidogo vilivyo wazi kwenye ganda, na likikua vingi vinaziba na nta inaongezeka.

Wazo la kupaka nusu lilikuwa la Bomba. Walikuwa wamekaa juu ya makreti yaliyopinduliwa wakinywa chai, na alikuwa ametulia kuliko kawaida yake.

"Tuchague matunda arobaini," alisema. "Tuyapake upande mmoja tu, kwa brashi. Upande wa pili tuuache mkavu. Tunda hilo hilo, mti huo huo, jua hilo hilo. Hapo hata meneja atasema nini?"

Bi Ganda alimtazama. Katika mafaili yote aliyoyasoma hakuwahi kukutana na kitu chepesi na cha akili kama hicho, na alimwambia hivyo. Bomba akaona haya, akaanza kukagua mkanda wa pampu ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Matunda arobaini yakafungwa uzi mwekundu kwenye kikonyo, fundo likielekezwa upande wa kupakwa. Kila baada ya wiki mbili Bi Ganda aliyapaka kwa brashi nyembamba, kitambaa mkono wa kushoto kuzuia maji yasitiririkie upande wa pili. Bomba alishika ndoo, na miti hiyo hakuipiga kwa pampu. Na kwa kuwa kupaka matunda arobaini si kazi ya kuharakisha, walizungumza. Bomba alikuwa mjane. Alikuwa na watoto watatu wakubwa, na hadithi zisizokwisha za mkewe, ambaye kwa maelezo yake alikuwa mkali kuliko dawa yoyote aliyowahi kuibeba. "Watu wananiita Bomba kwa sababu ya hili la mgongoni," aliwahi kusema, "lakini mke wangu aliwaambia majirani ni kwa sababu ya sura. Nikamwacha aseme." Bi Ganda alicheka mpaka brashi ikamponyoka.

Alianza kuweka akiba ya maneno. Jambo likitokea nyumbani, bomba la maji limepasuka au jirani kagombana na fundi, alilihifadhi kichwani mpaka alfajiri ya kwenda bustanini. Alinunua kikombe cha pili. Bomba alikinywea msimu mzima na hakuwahi kuuliza kimetoka wapi. Ukumbini wanawake waliona mabadiliko, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Bi Ganda siku hizi anang'aa. Amepigwa dawa nini?" Wakacheka wote. Yeye akainama, akaendelea na njia yake, lakini hakuudhika.

Hakumwambia Bomba lolote. Angemwambia nini? Hata yeye mwenyewe hakuwa amelipa jambo lile jina. Aliona tu kwamba wiki zenye kupaka zilikuwa fupi, na zisizo na kupaka zilikuwa ndefu.

Wiki moja kabla ya mavuno Bomba alisema, huku akiosha ndoo, "Mwanangu wa kwanza amemaliza nyumba. Anataka nikakae nao. Na huu mgongo umeshalikataa bomba, wala siwezi kuulaumu."

"Lini?"

"Mavuno yakiisha tu. Nimeshamwambia meneja."

Bi Ganda alikuwa ameshika brashi. "Hutasubiri matunda yatoke kwenye baridi?"

"Hiyo ni miezi mitatu, dada. Utaniambia."

"Sawa," akasema. "Nitakwambia."

Siku ya kumuaga kulikuwa na soda na biskuti ukumbini, na meneja alisema maneno machache yaliyomfaa mtu yeyote. Wafanyakazi wakapanga mstari wa kumpa mkono. Bi Ganda alisimama katikati ya mstari, nyuma ya dereva wa gari la kunyanyulia makreti. Alikuwa ameandaa sentensi mbili. Bomba alimwambia dereva, "Haya, tuonane, Mungu akipenda," kisha akashika mkono wa Bi Ganda, akamwambia, "Haya dada, tuonane, Mungu akipenda." Zile sentensi mbili zikapotea. Alipokuwa ameshasogea, Bomba akamwita. "Yale arobaini usiyachanganye na mengine."

"Siwezi kuyachanganya," alisema.

Aliyaweka peke yake kwenye kreti moja, akatia kila tunda nukta ya wino upande uliopakwa, akaandika tarehe. Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa mirefu. Alikwenda kazini, akarudi. Jumapili mdogo wake alipiga simu kama kawaida. "Dada, unaendeleaje?" "Naendelea." "Hakuna jipya?" Alifikiri kumweleza habari za ganda na nta na nukta za wino, akaona hana pa kuanzia. "Hakuna," akasema.

Kreti lilitolewa Jumanne. Matunda mawili yalikuwa yameoza, yakabaki thelathini na nane. Alifunga mlango, akalishika la kwanza, akalimenya. Safi pande zote. La pili safi. La tatu lilipovuliwa ganda, kisu chake kikasimama. Upande wenye nukta nyama ilikuwa nyeupe, haina hata alama moja. Upande wa pili, kuanzia katikati kwenda kitakoni, yalikuwepo madoa ya kahawia kumi na moja. Aliyahesabu mara mbili. Ungedhani ni matunda mawili tofauti yaliyounganishwa kwa gundi. Akaendelea. Mpaka saa sita alikuwa na matunda kumi na manne yenye madoa upande mkavu, na mawili tu yaliyokuwa na madoa upande uliopakwa, tena machache.

Alikaa akiyatazama. Kisha akaliweka lile la tatu kwenye sahani na kutoka nalo. Korido ilikuwa tupu. Ukumbini ilikuwa saa ya chakula, wanawake wamekaa makundi makundi, migongo imegeukiana, redio iko juu. Alisimama karibu na kundi la kwanza, sahani mkononi. Mmoja aligeuka, akaliona tufaha.

"Asante mama," alisema kwa upole. "Mimi tufaha nimeshiba, nayashika tangu asubuhi."

Wengine wakacheka kidogo, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Bi Ganda naye akatabasamu. Akarudi chumbani kwake, akaweka sahani mezani, akalipiga picha lile tunda upande mmoja, kisha upande wa pili, akamtumia Bomba.

Simu ilikuja baada ya siku tatu. Nyuma ya sauti ya Bomba kulikuwa na watoto wanaogombea kitu, na mlango uliokuwa ukifunguliwa na kufungwa.

"Dada, picha nimeziona. Upande upi ndio tuliopaka?"

"Ule safi."

"Kumbe. Kumbe inapita kweli."

"Inapita, kaka. Ikiloweshwa vizuri inapita."

"Nilimwonesha mwanangu, akaniambia, baba, hilo tufaha bovu linakupendeza nini?" Akacheka cheko lake lile lile. "Nikamwambia hilo ni langu mimi na dada mmoja." Mtoto akaita, na Bomba akajibu nje ya simu, kisha akasema, "Ngoja, nitakupigia baadaye."

Hakupiga. Bi Ganda hakuona kwamba ni ubaya. Nyumba yenye watoto haina baadaye. Hata hivyo siku hiyo simu ilikaa mezani karibu na kisu mpaka saa kumi na moja.

Kwa meneja alikwenda mwenyewe, na sahani tatu za matunda ya nukta aliyoyaacha bila kumenya, yenye vijishimo upande mkavu. Meneja aliyatazama, akaomba kisu, akamenya moja kwa mkono wake ili ahakikishe. Alikuta upande mmoja safi na mwingine una madoa, na Bi Ganda akamweleza jinsi dawa ya zamani ilivyoishia kwenye majani. Akakaa kitini.

"Basi yule mzee tulimsema bure," alisema.

"Ndiyo."

"Ungempigia umwambie."

"Mimi nimeshaongea naye," Bi Ganda alisema. "Mpigie wewe."

Meneja akapiga hapo hapo. Hakuwa hodari wa kuomba radhi. Alizunguka sana kwenye habari za mvua na afya kabla ya kufika. Lakini alifika, na Bi Ganda alisimama mpaka alipofika.

Msimu uliofuata walikuja wapiga dawa wanne wapya, wanaume wawili na wanawake wawili, na Bi Ganda akapewa kuwafundisha. Aliwatolea rangi ya bluu, akawaonesha jani na tunda, akawafanya walale chini ya mti watazame kitako cha tufaha kilivyobaki kikavu. Wakaanza tunda likiwa dogo, wakapiga alfajiri, kutoka chini kwenda juu, na sabuni kifuniko kimoja. Matunda hayo yalipotoka kwenye baridi, Bi Ganda alikuta madoa kwenye matano katika kila mia. Yapo mapigo mengine ya dawa yaliyonyeshewa na mvua, na yako matunda ya juu kabisa ambayo hakuna anayeyafikia. Hayo nayo aliyaandika.

Bado anafanya kazi hiyo. Wiki za kupiga dawa hufika bustanini kabla ya wote na kutembea nyuma yao, mstari kwa mstari, akigeuza matunda kwa kidole kuona kama yamelowa. Wale wanne huzungumza yao mbele, kwa sauti, juu ya mlio wa pampu. Yeye husikia nusu. Wakimaliza hufungua mikanda, hunawa, na huenda pamoja kunywa chai kwenye kibanda cha vifaa. Mmoja wa wale wanawake, mwenye kucheka ovyo, humwita kila mara, "Shangazi, huji?"

Mara nyingi husema ana kreti linamngoja, akarudi mwisho wa korido. Zipo siku chache ambazo huenda, akakaa mwisho wa benchi na kikombe chake, akawasikiliza.